Tisa nukta tatu si tisa

Hotuba kwa wanafunzi wa sheria na wa sayansi ya maabara, ilivyoandikwa upya na mzungumzaji kwa ajili ya wasomaji

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, na nyinyi wanafunzi mlioiacha Jumamosi yenu mkaja kusikiliza habari za vinasaba, ahsanteni kwa kuniita.

Nianze na mama mmoja. Jina lake na mji wake nitayaacha. Alinijia na bahasha ya plastiki, na ndani yake mlikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imeanza kutoboka. Ya kwanza ilikuwa majibu ya kipimo cha vinasaba cha zamani, mtoto wake alipokuwa na miaka miwili na baba alipotaka uhakika. Ya pili ilikuwa ya miaka sita baadaye, kutoka maabara nyingine, iliyohitajika ili mtoto apate viza ya kumfuata baba yake ughaibuni. Maabara zote mbili zilikuwa zimesema jambo moja: bwana huyu ndiye baba wa mtoto huyu. Lakini yule baba alikuwa na nakala zake huko aliko, na usiku mmoja alikaa akazilinganisha mstari kwa mstari. Akafika kwenye mstari wa TH01. Karatasi ya kwanza ilisema mtoto ana 7 na 9.3. Karatasi ya pili ilisema mtoto ana 7 na 9.

Alipiga simu usiku uleule. Alimwambia mkewe kwamba mtoto aliyepelekwa kupimwa safari hii siye yule wa kwanza.

Mama akaniuliza, "Mwalimu, damu ya mtu inabadilika?"

Nimekuja leo kuwaeleza kwa nini swali lile lilinishughulisha kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na mawakili. Damu ya mtoto haikubadilika. Jina la kitu kilichomo ndani ya damu ndilo lililobadilika njiani, na hakuna aliyeliona likibadilika.

Kila mmoja wenu hapa anayo TH01. Ni eneo lililoko kwenye kromosomu ya 11, ndani ya jeni inayotoa maagizo ya kutengeneza kimeng'enya kiitwacho tirosini hidroksilesi, na herufi TH zimetoka humo. Vinasaba vimeandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C. Kwenye TH01 kuna neno fupi, AATG, linalorudiwarudiwa kama kiitikio cha wimbo. Kwa mama yako, tuseme, umerithi kiitikio kilichorudiwa mara 6, na kwa baba yako kilichorudiwa mara 9. Karatasi itaandika 6, 9. Ukikusanya maeneo ya namna hiyo kutoka kromosomu mbalimbali, 13 kama Wamarekani walivyoanza miaka ya 1990, au 20 kama walivyoongeza tangu tarehe 1 Januari 2017, unapata wasifu wa namba ambao, ukiwatoa mapacha wa yai moja, huwezi kutarajia kuwakuta watu wawili wanaolingana nao kote.

Shikeni neno hilo, namba. Kwenye hifadhi za polisi na za mahakama duniani kilichowekwa kwa miaka thelathini ni namba, na herufi zenyewe hazimo. Mwaka 2021 hifadhi ya taifa ya Marekani ilifikisha wasifu milioni 20. Hizo ni namba tupu zinazotafuta namba wenzao, na namba mbili zinaweza kukutana ikiwa tu waliohesabu walihesabu kwa namna moja.

Sasa naomba mchukue kalamu. Andikeni AATG mara tano mfululizo, bila kuacha nafasi:

AATGAATGAATGAATGAATG

Ni nani aliyewaambia kwamba neno linaanzia kwenye A ya kwanza? Ukianzia herufi ya pili, neno linalorudiwa ni ATGA. Ukianzia ya tatu, ni TGAA. Ukianzia ya nne, ni GAAT. Tena vinasaba ni nyuzi mbili zilizosokotana, A ikitazamana na T, na G ikitazamana na C, na uzi wa pili husomwa kwa kurudi nyuma. Ukiusoma huo utapata CATT, au ATTC, au TTCA, au TCAT, kutegemea umeanzia wapi. Kitu kimoja, majina manane. Na si zoezi la darasani tu. Mkifungua makala za zamani za fani hii mtaikuta TH01 imeandikwa AATG huku na TCAT kule, na waandishi wote walikuwa wakisema kweli.

Hesabu nayo inaweza kuyumba. Ile kamba mliyoiandika ina maneno matano kamili ukianzia mwanzo. Ukianzia herufi ya pili, unahesabu manne na mabaki ya herufi tatu. Sisi hili tunalijua kwa saa zetu. Umwambie mgeni kwamba basi linaondoka saa tatu asubuhi, naye saa yake inahesabu tangu usiku wa manane, atafika stendi kungali giza na hatamkuta mtu. Saa yake si mbovu. Yeye anahesabu tangu katikati ya usiku, sisi tunahesabu tangu jua kuchomoza, na kati yetu kuna saa sita ambazo hazionekani kwenye namba yenyewe.

Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, alipoiona picha yake ya kwanza ya alama za vinasaba asubuhi ya tarehe 10 Septemba 1984, hakuhitaji majina. Ilikuwa picha ya mistari, na kazi ilikuwa kulinganisha mistari kwa macho. Haja ya majina ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale alama hizi fupi za marudio zilipoanza kutumika, kwa sababu zenyewe unaweza kuzihesabu, na kinachohesabika kinaweza kutumwa kwa faksi kwenda nchi nyingine. Hapo ndipo kila maabara ilipoanza kuhesabu kwa namna yake. Alama iitwayo D21S11 ilipata mifumo miwili ya namba kwa wakati mmoja, na mtu aliyesoma ripoti alipaswa kujua kwanza ametumiwa ripoti ya akina nani. Yenyewe jina lake lina mpango mzuri: D ni ya DNA, 21 ni kromosomu, S ni kuonyesha kwamba eneo hilo liko mahali pamoja tu, na 11 ni namba ya kusajiliwa. Jina la mahali lilikuwa limesanifiwa, ila jina la kile ulichokikuta pale ndilo lilikuwa bado.

Kuna jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa jenetiki ya uchunguzi wa jinai, ISFG, iliyoanzishwa Mainz, Ujerumani, mwaka 1968 wakati kazi ilikuwa bado ni makundi ya damu. Tume yake ya DNA ilitoa mapendekezo mwaka 1994, kisha 1997, na kwa maoni yangu kurasa zile chache zimezuia dhuluma nyingi kuliko mashine zote zilizonunuliwa baadaye. Walisema uzi gani usomwe, waanzie wapi kuhesabu, na wafanye nini wakikuta neno lisilokamilika. Na mahali ambapo jina lililokwisha kuzoeleka lilipishana na kanuni mpya, waliliacha jina la zamani libaki. Nitarudi kwenye hilo, maana ndipo penye hekima yao.

Kwanza neno lisilokamilika, kwa sababu ndilo lililomliza yule mama.

Kwenye TH01 kuna aleli moja, yaani namna moja kati ya zile ambazo kiitikio hicho huonekana kwa watu, tena ni ya kawaida sana kwa watu wa asili ya Ulaya, iliyopungukiwa na herufi moja. Ukiisoma inakwenda hivi: AATG mara sita, kisha ATG peke yake, kisha AATG mara tatu. A moja haipo. Jumla ni herufi 39, wakati marudio kumi kamili yangekuwa herufi 40. Zamani, kwenye jeli ya kutenganishia vinasaba kwa urefu, tofauti ya herufi moja ilikuwa ngumu kuona, na aleli hii na ile ya 10 zilichanganyika kwa urahisi. Wapo walioiita 10-1. Kanuni ikasema: hesabu maneno yaliyo kamili, weka nukta, kisha andika ni herufi ngapi zimebaki kwenye lile pungufu. Maneno tisa kamili, herufi tatu. Tisa nukta tatu.

Wanafunzi wa sheria, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Nukta hiyo si ya desimali. 9.3 haimaanishi tisa na sehemu tatu za kumi. Kwa alama zenye neno la herufi nne, baada ya nukta huweza kuja 1, 2 au 3 tu, na ukimwona mtu ameandika 9.5 kwenye TH01 ujue hajui anachokiandika. Na 9.3 haikaribii 9. Iko mbali nayo kwa herufi tatu, iko karibu na 10 kwa herufi moja. Mtu anayeipunguza kuwa 9, kama anavyopunguza senti kwenye bili ya duka, amemwandika mtu mwingine.

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Nilipoiandikia ile maabara ya pili nikawaomba wafungue picha ya mashine yenyewe, kilele cha mtoto kilikuwa palepale pa 9.3, kimesimama wazi. Mashine haikukosea, na mtaalamu aliyeisoma hakukosea. Jedwali la kompyuta lililotumiwa kuchapisha ripoti lilikuwa limepangwa lisionyeshe chochote baada ya nukta. Aliyelipanga aliona ni namba tu. Hakuna aliyemwambia kwamba ni jina.

Na bado ingekuwa jambo dogo kama baba angelisoma hitimisho. Maabara haimkatai mzazi kwa mstari mmoja, maana marudio haya hubadilika mara mojamoja kati ya mzazi na mtoto, na wataalamu huliwekea jambo hilo hesabu yake. Lakini watu hawasomi hitimisho pekee. Wanasoma jedwali, kwa kidole, usiku, kila mtu na hofu yake.

Sasa niwarudishe kwenye kanuni na hekima yake. Sisi wasemaji wa Kiswahili tumepewa somo hili mapema kuliko wengi. Mwaka 1928 walikutana Mombasa watu wa serikali na wa misheni wakaamua ni Kiswahili gani kitaandikwa vitabuni, na wakachagua Kiunguja, wakiwa wamekaa katika mji wa Kimvita. Kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita kilikuwa na tungo za karne nyingi, kwa hiyo uamuzi ule hauwezi kusemwa kuwa ulichagua kilicho bora. Ulichagua pa kusimama pamoja. Wazee wetu wa Mombasa na Lamu waliumia, na walikuwa na haki ya kuumia. Lakini leo mtoto wa Kigoma na mtoto wa Malindi wanaandika barua moja. Usanifishaji una mwenye kuulipia, na ni vyema tumtaje.

Kwenye vinasaba vya mitokondria somo hilo liko wazi zaidi. Mitokondria ni vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, vyenye vinasaba vyao vinavyorithiwa kwa mama peke yake. Mwaka 1981 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waliuchapisha mfuatano mzima, herufi 16,569, na tangu hapo ukawa mfuatano rejea. Maabara ikimsoma mtu haiandiki herufi zote, inaandika tu pale anapotofautiana na ule wa Cambridge. Sehemu kubwa ya mfuatano ule ilitoka kwenye kondo la mtu mmoja wa asili ya Ulaya, na vipande vichache vikajazwa kwa seli za maabara ziitwazo HeLa na hata kwa vinasaba vya ng'ombe. Mwaka 1999 waliusoma upya na kukuta makosa 11.

Kumi yalikuwa herufi moja kuwekwa mahali pa nyingine, wakayarekebisha. La kumi na moja lilikuwa gumu. Kwenye nafasi ya 3107 walikuwa wameandika herufi isiyokuwepo, C ya ziada. Wangeifuta, namba zote zinazofuata zingesogea kwa moja, na kila makala, kila ripoti ya mahakamani iliyotaja nafasi baada ya 3107, ingekuwa inasema mahali pengine. Wakafanya jambo ambalo kila nikilifikiria naona uungwana wake: waliiondoa ile herufi wakaiachia nafasi yake wazi. Mpaka leo tunapohesabu mitokondria ya binadamu tunapita kwenye nafasi ya 3107, hakuna kitu, tunaihesabu, tunaendelea.

Mtu mwenye bahati yake aliyetoa kondo lile alikuwa pia na herufi chache za nadra. Kwenye nafasi ya 263 ana A, ambapo karibu binadamu wote wana G. Kwa hiyo karibu kila anayesomwa leo duniani anaandikiwa tofauti ya 263G, utadhani wengi ndio wasio wa kawaida. Mwaka 2012 kulitolewa pendekezo la kuuacha mfuatano wa Cambridge na kuweka mahali pake mfuatano uliojengwa upya kwenye shina la ukoo wa binadamu, kule ambako matawi ya Kiafrika yanaachana. Lilikuwa na mvuto kwangu, sitaficha. Wasandawe na Wahadzabe wa Tanzania wamo kwenye matawi ya kale ya ukoo huo, na ningependa watoto wao wasiandikwe kama orodha ndefu ya tofauti kutoka kwa mtu wa Ulaya. Lakini wataalamu wa uchunguzi wa jinai walisema tubaki na Cambridge, na nimekubaliana nao. Kubadili shina kungetoa haki ya heshima na kuharibu haki ya ushahidi, kwa sababu kwa miaka mingi kila namba ingekuwa na maana mbili.

Nafasi hizo zina mtego mwingine. Karibu na 303 kuna mstari wa C saba, kisha T moja kwenye 310, kisha C tano hadi 315. Watu wengi wana C sita baada ya ile T badala ya tano. Hiyo ya sita iko wapi? Zote ni C, zimefanana, hakuna anayeweza kusema ni ipi mgeni. Ukiiandika 311.1C hujadanganya. Ukiiandika 315.1C hujadanganya. Lakini ukiiandika moja kwenye hifadhi na nyingine kwenye ombi la kutafuta, kompyuta itasema hakuna aliyelingana, na mtu aliyepotea ataendelea kupotea. Kanuni inasema isukumwe hadi mwisho, 315.1C. Na hifadhi ya vinasaba vya mitokondria iitwayo EMPOP, iliyoko Innsbruck, Austria, imekwenda hatua moja mbele: ombi likifika, inayageuza majina yote kuwa kamba ya herufi na kulinganisha kamba kwa kamba. Jina libaki kwa ajili ya watu, kamba iwe kwa ajili ya kutafuta.

Kwenye kromosomu Y nitapita haraka. Huko nako alama kama GATA H4 zilihesabiwa kwa zaidi ya namna moja, na wanaotafuta koo zao walikuta mtu na ndugu yake wametofautiana kwa sababu walipima kwa watu wawili. Tume ilitoa mapendekezo mwaka 2001 na tena 2006. Kilichosaidia sana ni chupa. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, inauza vichupa vya vinasaba ambavyo namba zake zimethibitishwa. Unavipima kwa mashine yako, na usipopata namba zile, kosa ni lako. Ni kama mawe ya mizani ya Wakala wa Vipimo pale sokoni: muuza nyama hawezi kubishana na jiwe lenye muhuri.

Sasa tumefika zama mpya, na majina yameingia mtihani mwingine. Mashine za zamani zilipima urefu tu. Mashine za sasa zinasoma herufi moja moja. Aleli mbili zilizokuwa zote 11 kwa urefu, leo tunaona hazifanani ndani. Ni neema kubwa, hasa pale damu za watu wawili zimechanganyika kwenye kisu kimoja, kwa sababu wanaolingana kwa urefu wanaweza kutenganishwa kwa herufi. Lakini tazameni D13S317. Neno lake ni TATC. Mtu wa kwanza ana TATC mara 11, kisha nje ya mpaka wa kuhesabu kuna AATC mbili. Mtu wa pili ana herufi moja iliyobadilika: A ya kwanza ya ile AATC ya kwanza imekuwa T. Soma tena. AATC imekuwa TATC. Ukihesabu kwa macho utapata TATC mara 12 na AATC moja. Ukipima urefu, hakuna herufi iliyoongezeka wala kupungua, na mashine ya zamani, ambayo hifadhi zote zimejengwa juu yake, inasema 11.

Huyu ni 11 au ni 12?

Anayesema 12 amehesabu sawasawa. Lakini akiingiza 12 kwenye hifadhi, mtu wake hatakutana na nafsi yake iliyoingizwa miaka kumi iliyopita kama 11. Mapendekezo ya tume ya mwaka 2016, na tena ya 2024, yanakwenda kwenye njia ambayo wale wa Cambridge walipita walipoiacha nafasi wazi: namba ya urefu ibaki ilivyokuwa, ili ya kale yasomeke, kando yake uandikwe mfuatano, na uelezwe umesomwa dhidi ya toleo lipi la jenomu rejea, yaani mfuatano wa vinasaba vyote vya binadamu wa kulinganishia, kama lile liitwalo GRCh38, kwenye uzi wa mbele, kutoka nafasi ipi hadi ipi. Zaidi ya yote, kamba nzima ya herufi ihifadhiwe. Anayehifadhi kamba anaweza kuipa jina jipya siku kanuni ikibadilika. Aliyehifadhi jina peke yake hana pa kurudi. Katalogi iitwayo STRSeq, iliyoanza mwaka 2017, imekuwa ikiipa mifuatano hii namba za usajili ili kila mmoja aweze kutaja ni upi hasa anaouzungumzia.

Mtaniuliza haya yanatuhusu nini sisi wa huku.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ilianguka karibu na Bishoftu ikielekea Nairobi. Watu 157 walikufa, wa mataifa 35, na Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko taifa lolote. Marehemu wote 157 walitambuliwa, kwa alama za vidole na kwa vinasaba. Fikirieni maana yake kwa kazi yetu: ndugu yuko bara hili na mwenzake bara lile, na namba 14 ya huku iwe namba 14 ya kule, bila hata mmoja aliyeanza kuhesabu mahali pengine. Na Aprili 2023 ufukuaji ulianza kwenye msitu wa Shakahola, hapa Kilifi. Miili ilizidi 400. Familia ziliombwa sampuli, zikasubiri, na ya kwanza kukabidhiwa ilikuwa Machi 2024. Kati ya waliosubiri wapo wanaowajua baadhi yenu mlioketi hapa. Mzee anapopewa mwili na kuambiwa huyu ni binti yako, anapewa kwa nguvu ya namba kadhaa kwenye karatasi. Hana njia nyingine ya kumtambua. Nasema hili polepole kwa sababu nataka anayepanga majedwali ya kompyuta alisikie.

Pia Afrika ndiko binadamu walikotofautiana kwa muda mrefu zaidi, na kwa hiyo ndiko kunakopatikana aleli nyingi ambazo ngazi za kupimia, yaani seti za aleli zinazojulikana ambazo mashine hulinganishia, zilizotengenezwa Ulaya na Marekani, hazina daraja lake. Mashine inakuandikia nje ya ngazi. Nimewaona vijana hodari wakipima mara ya pili, wakipata lilelile, kisha wakiandika namba ya jirani ili ripoti itoke. Msifanye hivyo. Isomeni herufi, au pelekeni kwa anayeweza kuisoma, mwiandike kwa kanuni, muipeleke isajiliwe. Jina la aleli inayopatikana Taita au Tabora likitolewa na mtu wa Maryland, Marekani, aliyeikuta kwa mhamiaji mmoja, si kosa lake. Sisi tulikuwa nayo mezani.

Wanasheria, kwenu nina ombi dogo. Ripoti ya vinasaba ikiletwa mahakamani kama kielelezo, mwulizeni shahidi mtaalamu mambo haya kabla ya kumwuliza uwezekano ni moja kwa mamilioni mangapi: namba hizi zimehesabiwa kwa kanuni ipi? Ngazi ipi? Ni urefu au ni mfuatano? Na aliyezichapa ndiye aliyezisoma? Akijibu bila kusita mtakuwa mmeisaidia mahakama, hata kama jibu linamwumiza mteja wenu.

Karatasi ya yule mama ilisahihishwa baada ya wiki tano. Ilikuja na mstari mmoja uliobadilika, 7 na 9.3, na barua fupi ya kuomba radhi. Aliipiga picha akaituma. Baba alijibu baada ya siku mbili, akauliza saizi ya viatu vya mtoto.

Pale mezani nimeweka nakala za mifuatano miwili ya D13S317, ya yule wa kwanza na ya yule wa pili, zimechapwa kwa herufi kubwa bila nafasi. Chukueni kalamu za rangi mbili, mhesabu, kisha tuzungumze ni nani kapata 11 na ni nani kapata 12.